Diski Inayolia na Fundi Anayejua Kusikiliza

Ukimpelekea fundi kompyuta yenye diski kuu inayotoa mlio usio wa kawaida, mtazame anachofanya kwanza. Akiiwasha papo hapo ili ajionee, chukua mzigo wako uondoke. Akianza na maswali, yaani imelia vipi, tangu lini, ilianguka au umeme ulikatika, na baada ya mlio kuanza mliiwasha mara ngapi, basi kaa. Umempata anayejua kwamba kila sekunde diski mbovu inapozunguka inaweza kula kilichobaki ndani yake.

Diski ya namna hii ni mashine hasa. Ndani mna sahani nyembamba zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika katika laptopu nyingi, na 7,200 katika kompyuta nyingi za mezani. Juu ya kila sahani huelea kichwa cha kusomea, hakigusi, nafasi iliyopo ni nanomita chache tu. Unywele wa mtu ni mnene kuliko nafasi hiyo zaidi ya mara elfu kumi. IBM walipotoa diski ya kwanza mwaka 1956, yenye sahani 50 na uwezo wa kuhifadhi herufi milioni 5, msingi ulikuwa huo huo: sahani zinazunguka, mkono unatembea. Diski za aina ya SSD hazina kinachozunguka, kwa hiyo hufa kimya, na sikio halizisaidii.

Asiyejua mlio wa diski nzima hawezi kuhukumu wa ile mgonjwa. Ile nzima, ikiwashwa, mvumo wake hupanda kwa sekunde chache hadi utulie, kisha husikika mguso mwepesi vichwa vinapoingia juu ya sahani, halafu kr-kr, kr-kr ya mkono unaotafuta data. Mvumo wenyewe ni mzito na wa chini, maana mizunguko 5,400 kwa dakika ni 90 kwa sekunde. Hapo ndipo Wagenia, kwenye maporomoko ya mto Kongo pale Kisangani, panapomtaabisha fundi. Maporomoko hayanyamazi usiku wala mchana, na karibu na miamba, wavuvi wanakotundika madema yao kwenye majukwaa ya miti, watu husemezana kwa kupaza sauti. Ongeza jenereta ya jirani. Mngurumo wa maji na wa injini huumeza mvumo wa diski kabisa.

Fundi hodari hapo hutumia mfupa. Anachukua bisibisi ndefu, ncha anaigusisha polepole kwenye ubavu wa chuma wa diski, mpini anauegemeza kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio. Mvumo unapanda kwenye chuma na kuingia kichwani mwake moja kwa moja, mto uendelee kunguruma utakavyo. Mafundi wa magari husikiliza injini hivyo hivyo. Angalia pia anakogusa: hagusi bodi ya umeme, hasukumi, na hazibi kile kitundu kidogo cha hewa kilicho juu ya diski nyingi. Asiye na bisibisi ndefu huweka ncha za vidole viwili na kufumba macho, na hiyo nayo inatosha kujua kama mota inazunguka.

Mlio unaowachanganya wengi ni wa kugonga: tak, tak, tak. Wengi wakiusikia husema diski imekufa, lakini kuna tak za aina tatu, na kuzitenganisha ndiko kunakopima fundi. Ya kwanza ni moja tu, nzito, umeme unapokatika ghafla, jambo ambalo mkazi wa Kisangani analizoea mapema. Sahani bado zinazunguka kwa nguvu zilizobaki, na diski huutumia mzunguko huo kupata umeme wa kurudisha vichwa mahali pa kupumzikia. Mlio huo ni wa kujiokoa. Hata hivyo ukirudiwa kila siku unachosha mitambo, na kompyuta ya mezani isiyo na UPS ndiyo inayoumia, kwa kuwa laptopu ina betri yake.

Ya pili ni ya njaa ya umeme. Mvumo unaanza kupanda, unaanguka, tak, unaanza tena. Diski za nje zinazotegemea waya wa USB peke yake hufanya hivyo sana waya ukiwa mbovu au mrefu kupita kiasi. Badilisha waya, hamia tundu la nyuma ya kompyuta, na huenda ugonjwa ukaisha hapo hapo. Anayetaja bei ya kuokoa data kabla ya kubadilisha waya hajafanya kazi yake.

Ya tatu ndiyo ya kuogopwa. Mvumo ni thabiti, haupandi wala haushuki, lakini juu yake tak inajirudia kwa mapigo sawasawa, kisha mota inazima. Vichwa vinatafuta alama za njia kwenye sahani, havizioni, mkono unarudi mwanzo na kujaribu upya. Zima. Usiiwashe tena ili umwonyeshe jirani.

Kukwaruza hakuna mjadala: kichwa kimegusa sahani na kinaparua utando unaobeba data. Kilichoparuliwa hakirudishwi na yeyote, popote duniani, kwa hiyo hapo kata umeme mara moja bila kungoja kompyuta ijizime. Kilio chembamba cha tii-tii bila mvumo wowote humaanisha mota inajaribu kuzunguka na imekwama, mara nyingi baada ya diski kuanguka. Wapo wanaoigonga mezani ili ikwamuke. Wapo wanaoiweka kwenye friji, na katika joto lenye unyevu la Kisangani diski ikitoka kwenye friji hutoa jasho, maji yakakaa panapotakiwa kuwa pakavu. Wapo wanaoifungua mezani, vumbi likiingia. Hao wote waepuke.

Diski ikiwa kimya kabisa, haivumi wala haitetemeki, shuku bodi. Lakini diski za siku hizi huhifadhi kwenye bodi vipimo vyake zenyewe, hivyo kubandika bodi ya diski nyingine bila kuhamisha chipu yenye vipimo hivyo kwa kawaida hakusaidii. Muulize fundi juu ya chipu hiyo. Jibu lake litakuonyesha kiwango chake.

Iwapo diski bado inasomeka kwa taabu, kazi safi huanza kwa kunakili yote kwenye diski nyingine, kwa programu kama ddrescue ambayo huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, huweka kumbukumbu ya ilipokwama, kisha hurudia zile ngumu. Ukarabati wa faili hufanywa kwenye nakala. Na mama akiuliza, “Papa, picha za arusi zimo?” fundi wa kweli hamwahidi. Humjibu, “Mama, niachie, nitakuonyesha zilizotoka,” na siku ya kuchukua hukaa naye wazifungue moja moja, pamoja na orodha ya zile zilizokataa, kabla hajapokea malipo.