Fadhila na Haki katika Riwaya Mbili za Adam Shafi

*Kasri ya Mwinyi Fuad* (1978) na *Haini* (2003) ni rahisi kusomwa mbalimbali: ya kwanza kama riwaya ya ukombozi, ya pili kama riwaya ya gereza. Zikisomwa pamoja zinaibua swali moja: kwa nini serikali ambayo watu hawakuichagua huweza kupendwa na watu haohao?

Jibu la *Kasri* limo mashambani. Msomaji aliyemwona Kijakazi akimtumikia Fuad hahitaji kuelezwa kwa nini Mapinduzi ya 1964 yalishangiliwa. Nje ya riwaya, serikali ya Abeid Amani Karume iligawa ardhi kwa eka tatu tatu, ikatangaza elimu na matibabu bila malipo, ikajenga majumba ya Michenzani. Hata hivyo, Wazanzibari hawakupiga kura kumchagua Rais wao hadi 1980. Kwa mkulima aliyeishi kwa hisani ya mwenye shamba, eka tatu zilishikika mkononi kuliko karatasi ya kura. Kuuita uungaji mkono huo ujinga ni kutoisoma *Kasri*.

*Haini* inaonyesha upande wa pili. Hamza anakamatwa baada ya kiongozi kuuawa, kisa kinachokumbusha mauaji ya Karume ya Aprili 1972, na anateswa. Anwani ya riwaya ndiyo ufunguo. Kinachotolewa kama haki hakimfungi mpokeaji mdomo. Kinachotolewa kama fadhila humfanya mdeni, na mdeni anayehoji huonekana mtovu wa shukrani. Fadhila ya punda ni mateke, husema wahenga. Dola inayojiona mfadhili huhitaji hatua moja tu kumgeuza punda huyo kuwa haini.

Upungufu wa *Haini* umo hapohapo. Simulizi imejifunga mno gerezani, na mkulima wa eka tatu hapewi nafasi ya kueleza anajua nini, na kwa nini ananyamaza.

Hata hivyo, si sahihi kuiona *Haini* kuwa toba ya *Kasri*. Shafi alifungwa baada ya mauaji ya 1972, na *Kasri* ilichapishwa baada ya kifungo hicho. Mateso hayakumfanya aikane ardhi iliyogawiwa. *Haini* haidai shamba lirudishwe kwa Fuad. Inadai kwamba aliyepewa shamba asitozwe ulimi wake.