Tarakimu Nane Zenye Kiherehere

Foleni ya kusajili laini kwa alama za vidole mliiona wenyewe, sina haja ya kuisimulia. Ilianza Mei 1, 2019, ikapangiwa mwisho Desemba 31, Rais Magufuli akaongeza siku 20, na Januari 20, 2020 ikafika. Sisi wa upande wa Loliondo, tuliokwishaona foleni ya kikombe cha dawa cha Babu pale Samunge mwaka 2011, urefu wake haukututisha.

Kilichonitisha mimi ni namba yenyewe. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Uamuzi huo ni mbovu. Ulikuwa mbovu ukiwa bado karatasini, na kila kilichojengwa juu yake kinachechemea.

Mengine yalifanyika vizuri: wakala anatuma namba na alama ya kidole, kanzidata inajibu, na *106# inakuonyesha laini yako imeandikwa jina la nani, hata kwenye kitochi kisicho na bando. Tuendelee.

Wataalamu wa mjini wakisikia mstari wa amri wanawaza skrini nyeusi na kijana aliyevaa miwani. Huku kwetu Soitsambu mstari wa amri unaanza na nyota na kuishia na reli. Kila ujumbe wake hauzidi herufi 182, hauna picha wala kitufe cha kurudi nyuma, na ukizubaa kidogo muda unakwisha, unaanza upya. Kwa mtu aliye mbali na ofisi ya wilaya, huo ndio uzi unaomfikisha kwenye seva inayojua yeye ni nani. Chombo kama hicho kinataka anayekipangia maswali awe na akili ya ubahili: uliza kidogo, na ulichouliza kiwe na maana.

Sasa piga *152*00#, fuata menyu mpaka NIDA, uombe namba yako. Utaulizwa jina lako, tarehe ya kuzaliwa, na majina ya mama. Hapo ndipo mchezo ulipoharibika. Tarehe ya kuzaliwa imefanywa ushahidi kwamba wewe ni wewe, halafu ushahidi huohuo umeandikwa mwanzoni mwa namba unayoiacha kwenye daftari la wakala, kwenye fomu ya mkopo, na kwenye nakala iliyosahaulika juu ya mashine ya fotokopi. Aliyeiona namba yako ameipata tarehe. Aliyeipata tarehe, akajua na jina la mama, ameipata namba. Ni kipa anayemwonyesha mpigaji wa penalti upande atakaorukia, kisha analalamika kafungwa.

Na jina la mama? Kwenye boma la Kimaasai kila enkaji, yaani nyumba, ni ya mwanamke, na mtoto anajulikana ametoka nyumba ya nani. Kulifanya jina hilo siri huku kwetu ni sawa na kuuficha mlima Ol Doinyo Lengai nyuma ya kanga. Aliyeweka swali hilo alikuwa anawaza mtaa wa ghorofa ambako jirani hamjui jirani.

Chukua basi mzee wa rika la Seuri au Makaa. Umri wake anaujua vizuri kuliko karani yeyote: anajua alitahiriwa na akina nani, na alizaliwa kabla au baada ya mvua kubwa za 1961. Fomu haina mahali pa kuandika mvua. Inataka siku, mwezi na mwaka, kwa hiyo tarehe inakisiwa, na Januari mosi huwa haiko mbali. Tangu siku hiyo mzee anatembea na tarehe ambayo hakuitunga. Akipoteza karatasi yenye namba, itambidi akumbuke makisio ya mtu mwingine ili mashine imkubali. Yaani siri yake haijui mwenyewe, na ile ya pili kijiji kizima kinaijua. Nimekaa na mifumo ya kuthibitisha watumiaji miaka mingi, sijaona swali lililogeuzwa kichwa chini namna hii.

Tuseme mzee amepata cheti cha ubatizo kilichosahaulika sandukuni, anataka tarehe irekebishwe. Hapo kuna njia mbili tu. Ama namba ibadilike, na kila laini na akaunti iliyofungwa kwenye namba ya zamani itafutwe na kufungwa upya. Ama namba ibaki, iendelee kutangaza tarehe ambayo rekodi yenyewe imeshaikana. Ndiyo maana tunawaambia vijana siku ya kwanza ya somo la kanzidata: ufunguo mkuu usibebe habari.

Wasomaji wangu wa zamani wanajua nitaenda wapi, na naenda. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson walieleza jinsi mfumo wa kompyuta wa Unix unavyolinda maneno ya siri: jina la mtumiaji liko wazi kwa kila mtu, neno la siri linasagwa na chembe ya chumvi lisitambulike. Kitambulisho ni kimoja, siri ni nyingine, havichanganywi. Kabla yao Hans Peter Luhn wa IBM, aliyepewa hataza mwaka 1960, alionyesha tarakimu moja tu ya mwisho inavyoweza kumnasa mtu aliyekosea kubonyeza. Wahindi walisoma somo hilo: namba yao ya utambulisho, Aadhaar, iliyoanza kutolewa Septemba 2010, ina tarakimu 12 zisizosema lolote juu ya mwenyewe, na ya mwisho ni ya ukaguzi kwa hesabu ya Mholanzi Verhoeff.

Sisi tukaenda kuwaiga Waswidi, waliotia tarehe ya kuzaliwa kwenye namba mwaka 1947, na Afrika Kusini, ambako wakati wa ubaguzi namba ilibeba hata rangi ya mtu. Ukianza kuifanya namba iongee, hujui itakuja kusema nini.

Watetezi wataniambia tarehe inasaidia kukumbuka. Inamsaidia anayeijua tarehe yake. Baada ya hizo nane bado kuna nyingine 12 za kubonyeza kwa kidole gumba.

Najua hakuna atakayebadilisha namba za mamilioni ya watu kwa sababu ya safu hii. Lakini swali la tarehe linaweza kuondolewa kwenye menyu, likawekwa jingine ambalo jibu lake analo mwenyewe peke yake. Mwaka 2023 serikali ilifuta tarehe ya ukomo kwenye kadi, baada ya watu kulalamika, na mbingu hazikuanguka. Hiyo ni tarehe moja. Imebaki ile ya mwanzo.