Baiskeli Isiyoulizwa Kipande

Dervla Murphy, Mwairishi, alikuwa na miaka 60 alipoendesha baiskeli kutoka Kenya hadi Zimbabwe mwaka 1992. Kitabu chake, The Ukimwi Road, kilitoka 1993 na bado nakipenda. Yuko peke yake, anaenda polepole, na watu wanamwambia mambo ya ugonjwa ambayo mtu wa gari hangeyasikia. Hapo namvulia kofia.

Shida ni kwamba nakisomea Garissa. Yeye alishika njia ya magharibi, kuelekea Uganda, huku hakufika. Na ule uhuru wa kusimama popote unapotaka, kwani ni wa kila mwenye baiskeli? Nikifunga hema leo nielekee mbuga ya Kora, pale George Adamson aliuawa 1989, kabla ya simba kuna kizuizi. Kipande kiko wapi? Jina la Kisomali, begi kubwa, hema: haya, jieleze. (Na mbuga zetu nyingi hata haziruhusu baiskeli. Hell's Gate inaruhusu, lakini hiyo si iko Naivasha.)

Kitabu ninachokingoja kitaanzia hapo kizuizini, mwandishi mguu mmoja chini, anapapasa mfuko akitafuta kitambulisho.