Neno Moja katika Mchezo wa "Othello"

Katika mchezo wa Shakespeare uitwao "Othello", uliochezwa katika kasri ya Whitehall mwaka 1604, limo neno la Kiingereza ambalo kila mwanafunzi hudhani kuwa analijua, nalo ni "honest". Mhakiki William Empson, katika kitabu alichokitoa mwaka 1951, alilihesabu pamoja na nomino yake, akapata mara 52.

Asili ya neno hili ni Kilatini, nayo ni heshima. Hapo kale lilimtaja mtu mwenye heshima zake. Baadaye likamtaja msema kweli, na yule asiyekula amana ya mwenziwe. Likisemwa juu ya mwanamke, lilikuwa na maana ya asiyezini. Tena mkubwa alilitumia kumsifu aliye chini yake, na sifa hiyo haikukosa chembe ya dharau.

Maana zote hizi ni silaha mkononi mwa Iago. Yeye ni mshika bendera tu, na cheo alichokitamani amepewa Cassio; walakini wakubwa wake hawachoki kumwita kwa neno hili. Katika tendo la tatu, Othello anamwuliza kama Cassio ni mtu wa sifa hiyo. Iago hajibu, hulirudisha neno lile lile kwa sauti ya kuuliza, na papo hapo shaka huzaliwa. Kisha neno lahamia kwa Desdemona, sasa kwa maana ya unyumba. Tangu hapo Othello amenaswa: ikiwa Iago anastahili jina hilo, basi mkewe hastahili.

Je, mfasiri wa Kiswahili afanyeje? Tunayo maneno mengi: mkweli, mwaminifu, mwadilifu, mwema, mwenye heshima. Mfasiri mwangalifu atatamani kuipa kila maana neno lake, Iago awe mkweli, Cassio mwadilifu, Desdemona mwenye heshima. Kila mstari utakuwa sahihi, lakini mchezo utakuwa umekufa, kwa sababu msikilizaji hatatambua kwamba neno lililompamba mwongo ndilo lililomhukumu asiye na hatia.

Yafaa basi atumie "mwaminifu" tangu mwanzo hata mwisho. Twalitumia kwa mtunza amana, kwa mtumishi na kwa mke. Tena latokana na kuamini, na kuamini ndiko kulikomwangamiza Othello. Kweli, ile dharau ya mkubwa haimo ndani yake. Hiyo aachiwe mchezaji, aitie kwa sauti yake.

Katika tendo la mwisho, Desdemona akiwa amekwisha kufa, Emilia ataka kujua ni nani aliyemsingizia bibi yake. Othello amtaja Iago, na bado amsifu kwa neno lile lile. Watazamaji waliokwisha kulisikia mara nyingi ndio watakaotetemeka.