Kazi Tatu za Plagi

Taa yenyewe niliinunua Mtaa wa Gizenga, Mji Mkongwe, Unguja: fanusi ya shaba ya manjano iliyotobolewa matundu kama chujio, yenye vioo vya rangi, uzito wake karibu kilo nne. Ilikuja na waya mrefu mweusi, kiswichi katikati ya waya, na plagi ya pini tatu. Kwa miaka miwili ilining'inia kwenye msumari pembeni mwa sebule yangu, Dar es Salaam. Waya ukashuka ukutani, ukapita nyuma ya kabati, ukaishia kwenye soketi moja na friji. Wageni waliisifu taa na kujikwaa kwenye waya.

Nilipomwita fundi umeme aihamishie taa darini, nilidhani ni kazi ya nusu saa: kata plagi, panda ngazi, unga, shuka, kunywa chai. Alikaa kwangu saa tano. Mwanzo nilimtazama kwa uvivu tu, nikiwa kwenye kochi. Baadaye nilikuwa nimeshika ngazi.

Plagi hakuikata. Aliifungua kwa bisibisi, akaniita nione tumbo lake.

"Mwanangu, hii ina kazi tatu," akasema. "Fyuzi hii inalinda waya. Ukichomoa plagi ukutani, taa imekatika na umeme kabisa, hata ukiingiza mkono hupigwi. Na pini hii ndefu ni ya ethi. Sasa mimi nikiiondoa plagi, kila kazi lazima niitafutie mwenyewe."

Alianza na fyuzi. Iliyokuwemo ilikuwa ya ampea 13, akacheka. Balbu ya wati 60 kwenye volti 230 inavuta takriban robo ya ampea. Ya LED niliyokuwa nayo, ya wati 7, inavuta sehemu tatu tu za mia za ampea. Basi fyuzi haikuwekwa kwa ajili ya balbu. Imewekwa kwa ajili ya waya, siku ambayo ganda litachubuka na laivu ikagusana na nyutro. Waya wa fanusi ulikuwa mwembamba, milimita za mraba 0.75, ambao unahimili ampea 6. Fyuzi ya 3 ingetosha na kubaki.

Mimi nilikuwa nimeshamwonyesha njia ya mkato: achukue umeme kwenye ile ile soketi, apandishe waya ndani ya ukuta hadi darini. Hakubishana. Alifungua boksi la breka akanionyesha namba. Breka ya soketi zangu ni ya 32, ya taa ni ya 6. Ukiunga taa kwenye soketi bila fyuzi, waya unaweza kubeba mara mbili au tatu ya uwezo wake na breka ikaona ni sawa tu, bado haijafika. Umeme, kwa hiyo, ungetoka kwenye nyaya za taa ambazo tayari zilikuwa darini, zikining'iniza holda ya plastiki.

Kazi ya pili ndiyo iliyokula muda. Alizima breka ya taa, lakini za soketi akaziacha, nami nikadhani amesahau. Akagusisha mita yake soketini: 231. Akapanda, akagusisha nyaya za darini: sifuri. Akashuka, akarudi soketini: 231 tena. Sifuri, aliniambia, inaweza kuwa umeme haupo na inaweza kuwa mita imekufa. Ukitaka kuiamini, iulize mita kabla na baada. Testa ile ya bisibisi yenye kitaa ndani, ambayo haikosi katika mfuko wa fundi yeyote, anayo pia. "Hii inanisalimia tu," alisema. Kisha akabandika tepu juu ya breka na kumwagiza kijana wake asiondoke hapo.

Baada ya kufungua holda alifanya jambo ambalo nisingelifikiria. Alirudisha umeme, akanituma nizime swichi ya ukutani, kisha akapima waya mwekundu dhidi ya waya mrefu aliouvuta kutoka kwenye ethi ya mein swichi. Swichi imezimwa, holda ni giza tupu, na mita inasoma 230. Aliyefunga nyumba, miaka hiyo, aliweka swichi kwenye nyutro. Taa ilikuwa ikizimika vizuri kabisa, kwa sababu njia ya kurudi ilikatwa, lakini umeme ulibaki umelala pale juu usiku na mchana. Mara ngapi nimebadilisha balbu ile nikiwa na mikono ya jasho, nikijiamini kwa kuwa nimezima swichi!

Katika holda ya plastiki hatari hiyo ilikuwa imejificha. Katika fanusi ya shaba ingekuwa imevaa nguo ya kung'aa.

Akazima tena, akapima tena kwa mzunguko ule ule wa soketi, dari, soketi. Kisha akafungua boksi la maungio na kurekebisha. Hapo niliona mbinu iliyonipendeza kuliko zote. Nyaya zilipita ndani ya paipu iliyozikwa ukutani, na hakutaka kuvunja plasta. Alichukua waya mweusi wa zamani, akafunga kwenye ncha yake waya mwekundu mpya, akaviringisha tepu laini ili fundo lisikwame kwenye kona, akamwambia kijana asukume polepole huku yeye akivuta. Waya wa zamani ukatoka, mpya ukaingia nyuma yake, kama mtu anayebadilisha kamba ya suruali. Njia ya kwenda darini akaifanyia vivyo hivyo, na humo akaongeza waya wa kijani, maana ethi haikuwahi kufikishwa kule.

Sasa swichi inakata laivu, kazi ya kila siku. Siku ya matengenezo ni zamu ya breka.

Fanusi akaihudumia mezani, juu ya gazeti. Waya wake ulikuwa na nyuzi mbili tu ndani, yaani ile pini ndefu ya plagi ilikuwa pambo, haikushikwa na kitu. Alikuwa amenunua Kariakoo waya wa nyuzi tatu, na kabla ya kuutumia alikwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukionekana mweupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba. Wake ulikuwa mwekundu hadi kiini. Kwenye tundu la kuingilia akavisha pete ya mpira, kwa kuwa ukingo wa shaba ni kisu kinachosubiri. Kwenye holda, kahawia ukaenda kwenye kitako cha kati na bluu kwenye shingo ya skrubu, ile ambayo vidole hugusa wakati wa kuzungusha balbu. Wa kijani na njano aliufunga kwenye mwili wa fanusi, lakini kwanza alikwangua vanishi hadi shaba ikang'aa, kwani vanishi huzuia umeme kama plastiki.

Namna anavyochuna ganda la waya ingestahili makala yake. Milimita nane, hakuna zaidi, na hakuna uzi hata mmoja uliokatika. Anazisokota, anazikunja mara mbili, anaziingiza kwenye konekta, anakaza, halafu anavuta kwa nguvu kama anayetaka kuharibu. Nilimuuliza kwa nini asizilehemu kwanza ziwe imara. Alisema risasi ni laini, inalegea polepole chini ya skrubu, na kiungo kilicholegea hupata moto. Alipomaliza, hapakuwa na shaba iliyoonekana nje ya konekta.

Dari yangu ni ya jipsamu, na jipsamu haibebi kilo nne. Aliingia darini kwa juu, akapigilia mbao kati ya mbao mbili za fremu, ndoano ikakaa kwenye mbao, mnyororo ukabeba fanusi. Waya umelegea kando yake, haubebi chochote isipokuwa umeme. Kikombe cha shaba kikafunika yote niliyoyaeleza hapa.

Kabla ya kuwasha alipima kutoka mwili wa fanusi hadi ethi ya mein swichi, akatikisa kichwa kwa kuridhika, ndipo akamruhusu kijana abandue tepu.

Plagi aliifunga upya, akaitia fyuzi ya ampea 3 kutoka kwenye kopo lake, akaniachia mezani. Leo iko kwenye feni ya mama.