Mjeledi Kabla ya Sababu: Mafunzo ya "Adili na Nduguze"

Wazee wengi wanapompa mtoto kitabu cha hadithi huuliza jambo moja: kina mafunzo gani? Swali hilo ni jema, lakini ni nusu tu. Nusu ya pili ni kuuliza mafunzo hayo yametiwa wapi. Je, yamesemwa kwa mdomo tu, au yamefumwa katika mpango wa hadithi yenyewe?

Tutazame "Adili na Nduguze", kitabu cha marehemu Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1952. Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rai, anamwona Adili, liwali wa Janibu, akiwachapa manyani wawili usiku mpaka wazimie, kisha akilia na kuwalisha. Sababu haisemwi. Hapo sisi wasomaji tumekwisha kumhukumu Adili: ni dhalimu, au ana wazimu. Baadaye, mbele ya mfalme, ndipo tunapojua kuwa manyani wale ni Hasidi na Mwivu, nduguze waliomtosa baharini, na kuwa mjeledi ule ni amri ya jini Huria. Adili hana hiari. Aibu inatugeukia sisi.

Lau mwandishi angalianza na sababu, tungalisikia kuwa dhana mbaya ni dhambi, wala tusingaliionja nafsini mwetu. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 12, imetukataza dhana hiyo. Hadithi hii inatuonyesha jinsi tunavyoiingia kwa wepesi.

Charles Dickens wa Uingereza alipita njia hiyo katika "Great Expectations", riwaya iliyotoka gazetini kidogo kidogo mwaka 1860 na 1861. Kijana Pip anadhani bibi tajiri ndiye mfadhili wake, kumbe ni Magwitch, mfungwa mtoro aliyepata kumpa chakula utotoni. Pip mwenyewe ndiye msimulizi, wala hafichi jinsi alivyomwonea haya Joe, mhunzi aliyemlea.

Katika jambo moja Dickens anampita mwandishi wetu. Jina la Magwitch halisemi kama ni mwema au mwovu. Lakini mtu akiitwa Adili, na nduguze Hasidi na Mwivu, msomaji mwerevu amekwisha kupewa jibu. Maishani watu hawatembei na tabia zao zimeandikwa usoni.

Hata hivyo Shaaban Robert ana lake la kumzidi mwenziwe. Adili hakuyatangaza mabaya ya nduguze. Aliyaeleza alipotakiwa na mfalme. Kimya chake ndicho kilichomfanya aonekane mwovu. Alivumilia kudhaniwa vibaya kuliko kuwafedhehesha watu wa damu yake. Hapo mpango wa hadithi na tabia ya mtu vimekuwa kitu kimoja.

Basi, ndugu mzazi, uwe Tanga au Mapera kule Mbinga, usimwambie mwanao mafunzo mapema. Msomee mpaka pale pa mjeledi, ufunge kitabu, umwulize: Adili ni mtu gani? Mwache ajibu, kisha mwendelee.