Weka Biti, Fungua Mdomo: Kiarabu cha Mtaani Kimejaa Kwenye Rapu!

Jamani, jamani, jamani! Masikio yangu bado yanawaka, ulimi haujatulia, na sina raha mpaka nikushawishi nawe ujaribu. Nimetoka kuisikiliza rapu ya Kiarabu, tena si kwa kuburudika tu, bali kwa kujifunza kusema. Kusema hasa! Kile Kiarabu ambacho watu wanaitana nacho sokoni, wanagombania nacho nauli, wanataniana nacho vibarazani. Ni kitamu mno, kikali, chepesi, kinarukaruka, kinacheka, na bado!

Wengi wetu Kiarabu tumekutana nacho chuoni. Tumeanza alifu kwa ujiti, tumemaliza juzuu, wengine tukafika hadi kwenye nahau. Kiarabu hicho ni kizuri, kimenyooka, na ndicho utakachokisikia kwenye taarifa ya habari ya Al Jazeera. Lakini shuka Cairo, panda teksi, msikilize dereva akiongea kwenye simu. Hapo ndipo utajua kuna bahari nyingine kabisa! Na rapu, rafiki yangu, inakutosa katikati ya bahari hiyo ukiwa umekaa kwako na hedifoni masikioni.

Anza na Alexandria, nakusihi. Huko ndiko walikotoka Wegz na Marwan Pablo, vijana wawili waliosaidia kuigeuza rapu ya Misri kuwa muziki wa kila kona. Wegz nusu anaimba, nusu anachana, na kila silabi inatua kwenye biti ukaisikia waziwazi. Hiyo ndiyo siri yenyewe! Nyimbo za zamani zinavuta irabu hadi neno linapotea ndani ya sauti. Rapu inakwenda kwa mwendo wa mtu anayeongea. Ngoma inakuonyesha wapi pa kukaza, wapi pa kumeza, wapi pa kuvuta pumzi. Unajikuta unatikisa kichwa, na kumbe sarufi inaingia!

Sikiliza tu wanavyokataa. Mmisri haishii kusema "hapana" akaondoka. Anakifunga kitenzi chake kwa "sh" mwishoni. Sijui, *ma'rafsh*. Siogopi, *mabakhafsh*. Sikuelewa, *mafhimtish*. Umeona? Kila ukanusho wa namna hii unaishia mlio uleule, kwa hiyo kina ni cha bure! Rapa akianza kujigamba, siogopi, sirudi nyuma, sikujui, hizo "sh" zinapiga pamoja na ngoma, sh, sh, sh, na wewe huna tena haja ya jedwali la ukanushaji. Limeshakaa mwilini!

Haya, vuka twende kwa Wapalestina, maana huko nako ni balaa! Kuna kundi la DAM la mji wa Lod, lililoanza kuchana kwa Kiarabu mwishoni mwa miaka ya 1990, na kuna Shabjdeed wa Kufr Aqab, kati ya Jerusalem na Ramallah. "Inn Ann", wimbo wake na Daboor wa mwaka 2021, nimeurudia mpaka majirani wanaujua. Lahaja yenyewe ni laini, nzito, ya mtu asiye na haraka hata pale maneno yanapochoma. "Nini" ambayo Cairo ni *eh*, hapa inakuwa *shu*. "Nataka" ambayo kule ni *'ayiz*, hapa ni *biddi*. Ukisikia *biddi* mara ya kwanza ndani ya mstari, ukaielewa kabla hujaifikiria, mwili wote unasisimka!

Na bado! Kuna Morocco! Weka ElGrandeToto wa Casablanca halafu ujishike. Irabu zimepukutika, konsonanti zimebanana kama abiria wa daladala saa ya jioni, Kifaransa kinachomoza katikati bila hodi, na yote hayo yanateleza kwa mwendo wa ajabu kabisa. "Sasa" ni *daba*. "Nataka" ni *bghit*, na sitaki? *Mabghitsh*! Ile "sh" ya Misri imekufuata hadi ukingo wa Atlantiki! Kisha mtafute Khtek, mwanamke mwenye mistari mikali mno. Jina lake tu linamaanisha "dada yako", yaani umeanza kujifunza Kidarija, Kiarabu cha mtaani cha Morocco, kabla hujabonyeza kitufe.

Lakini kilichonirusha kitini kabisa ni kahawa. Kahawa hii hii tunayokunywa! Morocco wanaitamka kwa kafu nzito ya kooni, *qahwa*. Ghuba inageuka *gahwa*. Cairo na Beirut kafu inamezwa, koo linajikaba kidogo tu, inatoka *'ahwa*. Na vijijini Palestina utaisikia *kahwa*, jirani wa mlango wa pili na yetu. Ukishaishika kafu hiyo, ukimsikia rapa usiyemjua unaanza kubahatisha kwao ni wapi. Ukipatia, aisee, raha yake haisemeki!

Na sisi wa Kiswahili tunaingia tukiwa na mtaji. Katikati ya mistari inayokupita kasi, ghafla linaibuka *ya'ni*. Yaani letu! Unasikia *sahbi*, na sahibu unamjua. Hata *dilwa'ti*, ile "sasa" ya Cairo, ndani yake umo wakati uleule, ila kafu yake imemezwa. Unajihisi mgeni aliyekuta ndugu sebuleni.

Sasa fanya hivi, tafadhali fanya hivi. Chagua mji mmoja, mmoja tu. Chagua wimbo wenye kiitikio kinachokuganda. Usikilize bila kusoma chochote, masikio yafanye kazi. Kisha tafuta mashairi yake mtandaoni, na usishtuke ukikuta tarakimu ndani ya maneno: vijana wakiandika Kiarabu kwa herufi za Kilatini, 3 ni aini na 7 ni ile ha ya kooni. Ndiyo maana kuna rapa wa Morocco anayeitwa 7liwa, na El Far3i wa Jordan. Ukishasoma, chana! Mfuate rapa mgongoni, nusu pumzi nyuma yake, kwa sauti, na mikono irushe. Mwisho zima muziki, mistari ile iseme polepole, ukiongea na mtu. Hapo ndipo wimbo unageuka mazungumzo, na ladha yake ni tamu kweli kweli!

Jambo moja tu: mengine ni maneno ya kijiweni, makali, hayafai mbele ya wakwe. Muulize mwenyeji kabla hujayapeleka ukweni. Na kumuuliza nako ni raha tupu, kwa sababu ukimtajia Mmisri jina la Wegz, mazungumzo yameshaanza!

Basi unangoja nini? Una ndugu Muscat, una safari ya Dubai, una jirani Msudani, una hamu tu? Tafuta rapa wa huko, weka sauti juu, fungua mdomo. Leo hii, usingoje kesho. Kisha niambie umeangukia mji gani, maana mimi nakwenda Tunis kumsikiliza Balti, halafu Khartoum, halafu Baghdad, na bado!